Kitangi cha Kioo

Jumamosi mchana ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilikuwa imefurika. Muziki wa duka hili unagombana na wa duka lile, watoto wanalilia aiskrimu, na katikati ya vurugu hizo akapita dada mmoja amenuna, gauni la rangi ya chungwa limemkaa utadhani amezaliwa nalo. Alijishonea mwenyewe. Watu walimwita Sindano, fundi wa magauni ya harusi, na ulimi wake ulichoma vilevile.

Alisimama mbele ya kibanda cha kioo kilichouza sigara za umeme.

"Nataka kitu cha kuniachisha sigara. Leo, siyo kesho."

Muuzaji aliinua macho. Kaka mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Kwa vile alipenda sana kueleza mambo, wenzake walimwita Profesa.

"Kuna nini, dada? Mbona kama unafukuzwa?"

"Jivu la sigara yangu limetoboa shela la bibi harusi. Nimetia kiraka cha lesi mpaka macho yanauma. Kwa hiyo usinicheke."

"Sijacheka."

"Macho yako yanacheka. Nipe ile inayowaka taa."

"Ile ni ya kupigia picha. Ina vitufe vitatu, utaibamiza ukutani kabla ya Jumatatu. Chukua hiki."

Kilikuwa kitangi kidogo cha kioo, kimekaa juu ya betri nyembamba yenye kitufe kimoja.

"Kinaonekana cha bei rahisi."

"Ni rahisi, na kinatosha. Maji yanayogeuka mvuke yakipungua unayaona. Koili, ule waya wa kuyachemsha, ikichakaa unabadilisha koili tu, kitangi kinabaki."

"Na hizi za kutupa?"

"Za kutupa utazitupa. Hiki utakijaza."

Profesa alikiinamisha, akamimina maji polepole. "Pitisha maji pembeni. Hili tundu la katikati ni la mvuke, ukimimina humu utakunywa."

Sindano alikinyakua, akakipeleka mdomoni. Profesa akamdaka mkono.

"Bado! Ndani ya koili kuna pamba, haijalowa. Ukivuta sasa inaungua. Ngoja dakika kumi."

"Dakika kumi zote nifanye nini?"

"Endelea kunitukana."

Sindano akacheka, na hakutaka kucheka.

Baada ya hapo, kila koili ilipochakaa, alikwenda kibandani kudai amesahau jinsi ya kuifunga.

"Mtu anayetunga uzi bila kutazama, leo kasahau kukaza kitu cha kuzungusha?"

"Nimesahau, Profesa. Nifundishe."

Wakaanza kupigiana simu.

"Sigara ngapi leo, laazizi?"

"Sifuri. Na wewe umeudhi wateja wangapi?"

"Mmoja. Yuko kwenye simu."

Miezi mitatu ikapita. Profesa akampunguzia nikotini kwenye maji, chupa hadi chupa, na Sindano hakununua sigara hata moja. Ndipo Jumatano moja simu ikaita, sauti ya Profesa ikiwa laini kupita kawaida.

"Mpenzi, mama anataka kukuona."

"Nimeshaanza kuwaza gauni!"

"Ila kuna kitu kidogo. Kitangi ukiache nyumbani. Nilimwambia hujawahi kuvuta."

Mguu wa Sindano ukasimama juu ya pedali ya cherehani.

"Ulimwambia nini?"

"Mama anaamini mwanamke anayevuta si wa kuoa."

"Wewe unauza hivi vitu. Shati unalovaa linatokana navyo."

"Mimi ni mwanaume." Lilimtoka hilo, na hakuweza kulirudisha.

Sindano akakata simu.

Profesa alipiga tena mara kumi na tatu. Sindano hakupokea. Aliandika, "Kipenzi, samahani." Hakujibu. Siku ya nne Sindano alifika duka la mtaani, akasimama mbele ya pakiti za sigara, akazitazama weee. Kisha akasema kwa sauti, mwenye duka akashtuka, "Sikuacha kwa ajili yake, na sirudii kwa ajili yake."

Akarudi kazini, akafunga koili mpya mwenyewe, akajaza. Kwa hasira alizokuwa nazo akavuta papo hapo. Pamba ikaungua, koo likamwasha kama kalamba pilipili. Bado anakohoa, Profesa akatokea mlangoni.

"Moshi! Umerudia sigara?"

"Nusa vizuri, mtaalamu. Hiyo ni pamba. Sikusubiri."

Profesa akanusa, akaona haya. "Nilidhani..."

"Unadhani sana. Unanionea aibu?"

"Namwogopa mama."

"Basi kaoe asiyemtisha."

Profesa akasimama pale kati ya magauni meupe, jasho linamtoka. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Baba, uko wapi?" mama yake akauliza.

"Kwa fundi. Mama, nilikudanganya. Amevuta sigara miaka tisa. Sasa anavuta mvuke, na mimi ndiye niliyemuuzia."

"Yeye ndiye kakutuma useme?"

Sindano akainamia simu. "Shikamoo, mama. Sijamtuma. Na Jumapili nikija, kitangi kitakuwa kwenye mkoba wangu. Nikikihitaji nitatoka nje, halafu nitarudi kukaa."

"Marahaba. Una mdomo wewe."

"Ninao, mama."

"Sijakukubali."

"Sijaomba bado, mama. Nimekusalimia."

Simu ikakatwa. Profesa akamgeukia Sindano.

"Naomba nikuoe," akasema.

"Hata mama akikataa?"

"Hata akikataa."

"Na nisipoacha hiki kitangi?"

"Hata usipoacha."

"Nitaacha. Siku nitakayotaka mimi." Akamfuta jasho kwa kiganja. "Sasa hilo ombi lako liulize Jumapili, mbele yake, siyo hapa kwenye vitambaa."

Jumapili Profesa aliuliza, sebuleni, mama yake amekunja mikono kwenye kochi. Sauti ilimtetemeka neno la kwanza tu.

"Ndiyo," Sindano akajibu, na macho yake wakati anajibu yalikuwa kwa mama mkwe, siyo kwa Profesa.