Ubao Usiotaka Gundi

Kila Jumamosi asubuhi Irangabiye alifagia karakana ya shangazi yake, Fidès, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Shangazi alitengeneza mbao nyepesi za rafu. Alipanga vipande vya bomba katikati ya mabamba mawili ya plastiki, akavikandamiza ndani ya chuma cha moto kinachofunguka kama kitabu. Plastiki iliyeyuka kidogo, ikashikana yenyewe bila gundi.

"Kitendawili," alisema Fidès.

"Tega."

"Tumelala watatu bila kamba, tumeamka mmoja."

"Ubao wako, shangazi. Kila siku njo huo huo."

"Basi usiwaamshe kabla hawajapoa."

Shangazi akaacha ubao mmoja ukipoa ndani ya chuma, akaenda sokoni. Nje, watoto wenzake Irangabiye walikuwa wakiruka kamba. "Irangabiye, we bibi kizee, unalinda plastiki?" Charlène alimcheka. Irangabiye akafungua chuma upesi. Ubao ulikuwa bado moto, na upande mmoja ukaachama kama mdomo. Akaomba gundi ya viraka kwa jirani mwendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akapaka, akabana. Ubao ukaonekana mzima. Akaupanga pamoja na zile nyingine kabla shangazi hajarudi.

Wiki iliyofuata yeye na shangazi walipeleka mbao Mchesi, Lilongwe, kwenye chumba cha kulelea watoto wadogo. Rafu ikafungwa ukutani. Mlezi, Mama Gabriella, akapandisha ndoo ya unga juu yake, kisha akatandika mkeka chini yake.

Irangabiye aliutambua ubao wake. Jua lilikuwa limechoma bati la paa, na chumba kilikuwa na joto kama jikoni. Mtoto wa kwanza akalazwa. Wa pili. Juu, kitu kikalia *tik*. Uzi wa gundi ulikuwa umeanza kuvutika. Akisema, shangazi angemfukuza karakanani. Akinyamaza...

"Mama, toa batoto," alisema kwa sauti ndogo. "Ule ubao ni mbovu. Mi njo niliuharibu."

Mama Gabriella aliwavuta watoto. Fidès akashusha ndoo, akagusa ubao. Ukafunguka mkononi mwake.

Irangabiye alilia.

"Siku ile ungeniambia," alisema shangazi, "tungeuyeyusha tena, kazi ya asubuhi moja. Kosa silikatai, mwanangu. Shida ni kwamba ulilificha, likaja kukaa juu ya batoto wa watu. Lakini leo umesema kabla ya ndoo kuanguka. Kesho utautengeneza wewe."

Kesho yake wenzake walimwita tena. Irangabiye aliweka kiganja juu ya chuma chenye ubao ndani. Chuma kilikuwa bado na joto. Akakaa kungoja.