Simu Kutoka Mokambo

—Weka tena ya droite, ya kuume! fundi akaita.

Céline akasukuma kijiti cha pembeni ya usukani. Clignotant, taa ya kugeukia, ikaanza kukimbia, tik-tik-tik-tik, mbio bila kupumzika.

Casimir, fundi wa umeme wa magari kwenye barabara ya Kasapa, akainua kichwa toka chini ya capot, kifuniko cha injini.

—Mama, gari haina bugonjwa. Ni hizi ampoule za LED. Zinakula courant kidogo, sasa relais ya zamani, ile inawasha na kuzima taa, inazania ampoule moja imekufwa. Njo maana inapiga mbio. Tukiweka relais ya LED, itatulia.

Raoul, mchumba wa Céline, ndiye aliyezibadilisha ampoule zile, gari ing'ae siku ya harusi yao, samedi, Jumamosi iliyokuwa inakuja. Lakini tangu siku ile polisi wa roulage, wale wa barabarani, walikuwa wanawasimamisha kwenye kila rond-point. Sasa Raoul alikuwa amevuka barabara kutafuta hiyo relais. Simu yake ilibaki kwenye kiti.

Simu ikaita. Kwa kuwa ilikuwa imeunganishwa na gari, mlio ukatokea kwenye haut-parleur, na jina likatokea kwenye écran: MOKAMBO, mji wa mpakani na Zambia.

«Ni bale banatuletea mbuzi za harusi,» Céline akawaza. Akafinya bouton.

—Raoul, mutoto yangu, usikate! ikasema sauti ya mwanamke mzee. Sitakupatisha haya. Uniambie tu saa ya misa. Nitasimama inje, kwa bantu ba njia, nikuone unapita.

—Mama, Raoul ametoka kidogo. Ni mie Céline. Ni nani anaongea?



—Céline... Weye njo bibi arusi?

—Njo mie.

—Unisamehe, mama. Mie ni Chomba. Mie njo nilimuzala Raoul.

Simu ikakatika.

Céline akabaki na kidole hewani. Chomba! Jina alilijua. Ni jina la marehemu. Tangu siku walipoanza kupendana, Raoul alimwambia mama yake alishakufa zamani. Siku ya wafu iliyopita walimtolea misa. Céline ndiye aliyewasha bougie, mshumaa wa marehemu. Alilia mpaka Raoul akamshika mabega.

—Mama, kuna nini? Casimir akasema. Nikuletee maji?

Céline akatazama ng'ambo ya barabara. Raoul alikuwa anarudi, anacheka, relais mkononi.

—Chérie, nimeipata!

—Mama yako amepiga téléphone.

Kicheko kikamkauka.

—Mama... gani?

—Ule tulimutolea misa siku ya bale balikufwa.

Relais ikaanguka. Casimir akaiokota na kujificha nyuma ya capot.

—Céline, ngoja nikueleze.

—Nilipiga magoti, Raoul! Nililia muntu anapumua!

—Papa njo alituambia amekufwa. Nilikuwa mutoto. Mama alienda Zambia na biashara, bakamushika, bakamufunga. Alipotoka, alikuta papa iko na bibi mwingine. Papa akamufukuza kwa mulango, siye batoto hatukumuona. Nilimupata mwaka jana tu, kule Mokambo.

—Ulimupata mbele ya misa, ao nyuma?

Raoul akatazama vumbi.

—Sema!

—Mbele.

Céline akafungua mlango wa gari, akatoka.

—Mbele? Ulijua iko muzima, na ulisimama pembeni yangu unasema amina?

—Papa alisema, siku mama ataingia kwa arusi yangu, yeye anatoka. Niliogopa. Na weye nilikuwa nimeshakudanganya, sikujua nianzie wapi.

—Raoul, muntu mwenye anaweza kuzika mama yake muzima, kesho atanizika mie. Hakuna arusi.

Akavua pete, akaiweka juu ya capot, akasimamisha taxi.

—Céline! Céline!

Taxi ikaondoka. Baadaye Casimir akasema polepole:

—Patron, nimeweka relais. Inapiga muzuri sasa. Weye enda kutengeneza yako.

Jioni Céline, macho yamevimba, alipata message: «Nilipita kwa papa, nikamwambia mama atakuwa kwa arusi, yeye papa akuje ao asikuje. Sasa niko Mokambo. Nimemuomba mama pardon; namba yake njo iko hapa chini. Hata ukikataa kurudi, najua ulifanya muzuri kuniacha.»

Aliisoma, akaisoma tena. Kisha akapiga, lakini si namba ya Raoul; alipiga ile ya mama.

—Allo, ba mama? Ni Céline. Raoul iko hapo?

—Iko hapa, amelalia mapaja yangu. Analia sawa mutoto. Mama, usiache arusi juu yangu. Mie nitasimama inje...

—Ba mama, mie nauliza mutavaa nini samedi.

Mama Chomba akampa Raoul simu. Ikasikika sauti ya Raoul:

—Céline?

—Urudi na ba mama. Pete nitaivaa mbele ya ba mama. Na uongo ingine, hata ya kidogo, njo mwisho wetu.

—Hakuna tena. Naapa.

Samedi kanisa lilijaa. Papa André, baba yake Raoul, alikuja; aliketi banc ya mbele, uso umefungwa. Mlango ukafunguka. Céline akaingia na robe yake nyeupe, na mkononi amemshika mwanamke mwembamba aliyevaa pagne ya bluu.

—Eh! Mungu wangu! shangazi mmoja akapiga alama ya msalaba. Ule haiko Chomba? Haiko ule tulimuliaka zamani, eti amekufwa?

Nyimbo zikakatika. Watu wakasimama, wengine mikono kinywani. Raoul, pale altareni, alikuwa analia bila kujificha. Mama Chomba akafika kwenye banc ya mbele, akasimama mbele ya mwanaume aliyemzika bila jeneza.

—Yambo, André.

Papa André akainua uso. Akamtazama, akamtazama, kama anayesoma hukumu yake.

—Yambo, Chomba, akajibu mwishowe.

Kisha akasogea, akamwachia nafasi.