Vitundu Vipofu vya Koti la Blaise

Asubuhi hiyo nilikuwa nachambua dengu, mdogo wangu Blaise anawasha jiko la pasi, kengele za kanisa zinalia. Siku ya kawaida tu hapa Lyon, ila baridi ilikuwa inauma.

Baba alipofariki, chama cha mafundi wa nguo kilitupa muda hadi Sikukuu ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari. Blaise ashone koti moja la mtihani. Wazee wakilikubali, duka la baba linabaki kwetu. Wakilikataa, linafungwa.

Koti lilikuwa la hariri ya kijani. Koti la muungwana halifungwi. Linaachwa wazi ili kizibao kilichotariziwa kionekane. Kwa hiyo vitundu vya vifungo tunavizungushia uzi vizuri, lakini hatuvipasui. Tunaviita vitundu vipofu. Mimi ndiye ninayevishona, na Mungu anisamehe majivuno, sijaona wa kunishinda.

Blaise akapiga kelele.

"Dada Pernette! Nani kakutuma upasue?"

"Nipasue nini, we mtoto?"

Nikaenda kuangalia. Vitundu vyote vilikuwa wazi, kutoka shingoni hadi gotini.

"Labda panya," nikasema.

"Panya anayepasua mstari ulionyooka hivi? Alifundishwa na nani ufundi?"

Nikaviziba, nikashona upya hadi macho yakaniwasha. Kesho yake viko wazi. Nikashona tena. Viko wazi tena! Nililaani sindano, nikamlaani Blaise, nikaenda kuungama kwa padri, nikarudi nyumbani nikalaani tena. Blaise naye akaanza kuninunia, eti nina wivu na ufundi wake. Mimi niliyemlea! Nikamrushia bakuli la dengu. Hilo nalo nimeliungama.

Siku moja kabla ya sikukuu nikamwambia, "Funga mlango. Tukae hapa wote wawili tulitazame."

Tukakaa. Jua linaingia dirishani. Jiko linawaka.

Uzi mmoja ukakatika. Tik.

Wa pili. Tik.

Kifungo cha kifuani kikatikisika. Kikasukumwa kitunduni. Hakuna mkono.

Kisha mbele ya kola pakatoka mvuke mweupe, kama pumzi ya mtu aliye kwenye theluji.

"Fleury," Blaise akanong'ona.

Fleury alikuwa mtumishi wa bwana mmoja tajiri, mmoja wa wale wanaosimama nyuma ya gari la farasi. Mwaka uliopita Blaise alimshonea sare ya manjano, vitundu vipofu nikavishona mimi kama kawaida. Fleury akarudi dukani anabembeleza: "Fundi wangu, nipasulie hata vitatu vya kifuani. Kule nyuma upepo unanila."

Blaise alimcheka. "Unataka ufanane na mchunga nguruwe? Bwana wako atanikata masikio."

Wakati wa theluji gari likaingia kutoka mji wa Tarare, Fleury bado amesimama kwenye ubao wake. Amekufa. Vidole vimeganda kifuani, juu ya vifungo. Mikono ilikataa kunyooshwa, kwa hiyo walimzika na sare yake.

Siku ya sikukuu, wazee wa chama wakiwa njiani, Blaise akalichukua koti la kijani na kutoka.

"Unalipeleka wapi? Wazee wanakuja!"

"Kwa mwenyewe."

"Na duka la baba, we Blaise?"

"Dada, utashona hivyo vitundu mpaka lini?"

Nikashika mkono wa koti nimzuie. Ulikuwa baridi kama barafu. Nikauachia. Nikafunga duka, nikamfuata, nalia kwa hasira.

Makaburini, mchana kweupe, Blaise alilitandaza juu ya kaburi la Fleury. Akapiga magoti. Akafunga kifungo kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anamvalisha mtoto.

Tuliporudi, wazee walikuwa mlangoni wamenuna.

"Koti liko wapi, kijana?" akauliza Mzee Gaspard, mkubwa wao.

"Nimempa mtu."

"Basi mpe na duka. Fungua, tuchukue funguo."

Nikageuza ufunguo. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyouacha.

Kwenye msumari lilipokuwa likining'inia koti la kijani, palikuwa na koti jingine.

La manjano. Limelowa. Udongo unadondoka sakafuni.

Mzee Gaspard, ambaye hawezi kupita nguo bila kuishika, akalishika. Akarudisha mkono haraka.

"Nani ameshona hili?"

Wakaondoka bila kuaga. Duka lilifungwa wiki ileile, na sasa Blaise anashonea watu jikoni kwangu. Koti lile liko sandukuni. Padri hataki kulibariki, Blaise hataki lichomwe.

Nimelikagua mwenyewe, kwa nuru ya mchana. Vitundu vyote bado ni vipofu, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Lakini uzi wangu umeparurwa kila upande. Na katika kile cha kifuani, umenasa ukucha.