Neno Alilonitunzia Babu

Kila nilipotoka shule nilimkuta babu yangu, Torcuil, jikoni akitia motoni vipande vya udongo mweusi unaowaka kama kuni, tuliouchimba kinamasini na kuuanika. Wiki ile aliniuliza kila siku, "Mjukuu wangu, vipi ile kazi ya shule?"

"Kesho, Babu," nilimjibu, macho kwenye simu.

Mwalimu Raonaid alikuwa ametutuma tuwaulize wazee wetu, kwa Kigaeli, lugha yetu ya nyumbani, maumbile, yaani ardhi, maji na viumbe vyote, wanayaitaje. Alhamisi nikafungua kamusi, nikanakili "nàdar", na chini yake nikaandika: Babu yangu anasema hivi. Nikapata alama zote.

Jumapili Babu hakuamka.

Watu wakajaa nyumbani, zaburi zikaimbwa. Mwalimu alinikumbatia. "Seonag, afadhali wewe ulimwuliza mapema. Utatusomea ukurasa ule, tulisikie neno lake."

Akanikabidhi karatasi yangu. Ningeusoma, uongo wangu ungekuwa kauli ya marehemu.

"Sikumwuliza," nikasema, nikaangua kilio. "Nilinakili kwenye kamusi."

Mama aliinamisha kichwa. Mzee Murchadh, aliyechimba na Babu miaka yote, akashusha pumzi.

"Ah, mwanangu! Torcuil alikusubiri. Alhamisi kule kinamasini aliniambia, 'Huyu msichana akiniuliza, simjibu nyumbani. Nitamleta hapa nimwonyeshe.'"

"Neno lenyewe lilikuwa lipi?"

"Nilimwuliza. Akacheka, akasema, 'Wewe Murchadh tulia, hili ni la Seonag.'"

Majuto ni mjukuu. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Baada ya mazishi Mzee Murchadh alinipeleka kinamasini, kwenye shimo ambalo Babu alikuwa akichimba udongo. Kwetu, ukibandua nyasi ili uchimbe, lazima uzirudishe chini shimoni, majani yakitazama juu, ardhi ipone. Zile za mwisho Babu hakuwahi kuzirudisha. Nilizibeba moja moja, nikazipanga, nikazikanyaga taratibu.

Jumatatu ya wiki iliyofuata nilimpa Mwalimu ukurasa mpya, nilioandika ukweli wote. Aliusoma, akafuta macho.

"Alama nitazifuta, Seonag," alisema. "Lakini umesema kweli mbele ya watu, na hilo si jambo dogo. Kamusi itakungoja miaka mia. Mzee hangoji. Muulize angali anakujibu."

Sasa kila Jumamosi niko kwa Mzee Murchadh na daftari, nikimwuliza na kuandika maneno yake. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Maumbile, Babu yangu aliyaita... Mbele yake pako wazi, na patabaki wazi.