Herufi Nene

Ujumbe ulikuja na kichwa cha habari.

Teodora aliacha kutafuna. Chapati ikabaki mkononi.

Kwenye ukurasa mweupe wa simu yake, mtu alikuwa ameandika kwa herufi nene: MZIGO UNAPITA KIRUMBA KESHO. Chini yake vitone viwili, kimoja aina ya gari, kingine rangi yake. Kazi safi, hata mwalimu angeipa vema.

Ngosha hajui vitone.

Ngosha alikuwa fundi wa kuchomelea boti, na jicho la Idara ya Usalama ndani ya genge lililovusha dhahabu ziwani, ikiwa imefichwa kwenye barafu chini ya sangara. Genge lilikagua simu alizopiga na meseji zake. Programu ya kuandikia noti hawakuigusa; nani ana muda na noti za fundi? Basi yeye na Teodora, afisa aliyepokea taarifa zake, waliandikiana humo, kwenye ukurasa mmoja wa pamoja. Ngosha akiandika kule, Teodora anasoma huku Buswelu, kisha anafuta. Hawakuwahi kuonana.

Mwanzoni programu ilimtoa jasho fundi wa watu. Akibonyeza hapa, ukurasa unageuka jedwali. Akibonyeza pale, maneno yote yanapotea. Teodora akaingia kwenye akaunti akiwa mbali, akaviondoa vitufe kimoja kimoja: rangi, vichwa, vikumbusho, menyu ya pembeni. Ukabaki ukurasa mtupu na kibodi.

"Sasa pamekaa kama karakana yangu dada," Ngosha aliandika. "Hakuna cha kujikwaa."

Teodora akaipanga programu ya kwake vilevile. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwandikia. Kila asubuhi Ngosha alianza na "Mwangaluka" kabla ya neno lolote la kazi, na yeye, Mhaya wa watu, akajifunza kumjibu kwa Kisukuma. Siku nyingine hiyo ndiyo salamu pekee aliyopata mpaka analala. Ilimuuma, lakini upweke hauandikwi kwenye ripoti.

Sasa kuna mtu amevirudisha vitufe. Mtu wa ofisi, asiyeweza kuvumilia ukurasa usiopambwa.

Alexander. Mhasibu wa genge, ambaye Ngosha alisema anapiga pasi hata suruali ya kwendea mwaloni kunakoshushwa samaki.

Teodora alijibu kwenye ukurasa: "Sawa. Kesho Kirumba." Waache watulie. Kisha akampigia mkuu wake, Yakobo.

"Wamemkamata Ngosha. Simu wanayo wao."

"Una uhakika?"

"Wameandika kwa herufi nene."

"Teodora, siwezi kuhamisha kikosi kwa sababu ya herufi."

"Jana aliniandikia boti inapakwa kijani, Kayenze. Wanatutuma Kirumba ili waondoke Kayenze leo. Wakifika katikati ya ziwa hawatamhitaji tena, mkuu. Watamtosa."

Yakobo alishusha pumzi. "Boti ya polisi itatokea upande wa maji. Wewe nenda nchi kavu."

Alikuwa tayari ndani ya Prado. Bastola yake, Glock, chini ya khanga.

Kayenze, jua bado kali. Boti ya kijani ilikuwa imeelekeza pua ziwani, injini mbili za Yamaha zikinguruma. Teodora akajichanganya na wanawake wanaonunua samaki, kapu mkononi, akasogea hadi maji yakamfika magotini.

"Sangara mnauzaje?"

"Hatuuzi, mama. Ondoka," alisema Alexander kutoka kwenye boti.

Kapu likaanguka. Bastola ikabaki.

"Zima injini."

Vijana wawili waliruka majini wakakimbia. Alexander alitazama ziwani. Boti ya polisi ilikuwa imeshaziba njia. Akazima.

"Tulikuandikia Kirumba," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mliandika vizuri mno."

Polisi walipopanda, Teodora alirudi nyuma kati ya wanawake, akaifunga khanga yake vizuri juu ya bastola. Aliwaona wakifunua turubai. Dhahabu ilikuwa kwenye barafu. Kando ya masanduku, Ngosha, kamba mikononi, jicho limevimba. Anapumua.

Miguu ya Teodora ilitaka kwenda. Akaizuia.

Walimfungua Ngosha kamba, wakamshusha ufukweni. Aliwapita wanawake wote, akasimama mbele ya Teodora kwa bahati tu.

"Dada, samahani. Naomba simu yako kidogo. Kuna mtu nataka nimwandikie kwamba nipo hai."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Nzito, ya taratibu, yenye Usukuma wote ndani.

"Ndugu yako?"

"Simjui hata jina. Lakini atakuwa na wasiwasi."

Chanzo hakijui sura ya afisa. Ndivyo vyanzo vinavyobaki hai.

"Pole, kaka," alisema Teodora. "Simu yangu imeisha chaji."

Ngosha akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na polisi.

Ndani ya Prado alifungua ukurasa, akaufuta, na kuiondoa akaunti ya Ngosha. Yakobo akapiga.

"Kazi nzuri. Kuna lingine?"

"Hakuna, mkuu."

Akapandisha kioo, akaondoka.