Mkono Chini ya Kiwiko

"Mzigo unashuka. Usimpoteze."

Sauti ya Isack, aliyemwongoza kutoka makao makuu, ilikwaruza ndani ya sikio la Eliakunda Mshana. Wakati huohuo Eliakunda akampoteza.

Alianguka. Mara ya nne tangu asubuhi. Ski moja ikaenda kulia, nyingine ikashika njia yake, na jasusi aliyeogopwa katika nchi saba akateremka kilima cha Burnsville kwa makalio, huku mtoto wa miaka sita akimpita na kumpa pole. Mtu wa Same na theluji wapi na wapi!

Alipofuta miwani, vijana watatu weusi walikuwa wakipakia ski zao juu ya Subaru ya kijani. Wote walivaa kofia ngumu na vinyago vya baridi.

"Ni yupi?" akauliza.

"Sura yake hatuna," Isack akajibu. "Ni mtu wa Bukavu anayejifanya mzaliwa wa Chicago. Wenzake wanafanya naye kazi tu, hawajui kitu. Ana kadi ya kumbukumbu. Saa kumi na moja jioni anamkabidhi mnunuzi kwenye baa ya kiwanda kidogo cha bia, mtaa wa Phillips."

"Kadi ina nini?"

"Anwani ya Bernardine. Picha za mlango wake. Saa ambazo watoto wanapanda basi la shule."

Eliakunda alilijua jina hilo. Bernardine Bagalwa, mkimbizi aliyeishi hapahapa Burnsville, mama wa watoto wawili, ndiye pekee aliyebaki hai miongoni mwa walioona watu wa kanali mmoja wa jeshi la kwao wakifukia wachimbaji mgodini. Jumatatu angesimama mbele ya majaji na kusema. Leo ilikuwa Jumamosi.

Akatupa ski ndani ya RAV4 na kukanyaga mafuta.

Baa ilikuwa imejaa watu waliotoka kilimani, nyuso nyekundu, makoti yanachuruzika. Nyuma ya kioo matangi ya chuma yalikuwa yakipika bia. Vijana watatu walikaa meza ya pembeni, wakicheka na kuzungumza Kiingereza cha sinema. Kila mmoja angeweza kuwa yeye.

Kwenye kaunta alikaa mzungu mwenye koti la kijivu. Glasi yake ilijaa, povu limekwisha. Mtu anayekuja hadi kiwandani kisha asiiguse bia ana shughuli nyingine. Ubavuni koti lilituna kwa umbo ambalo Eliakunda alilijua vizuri.

Bastola, Glock.

Saa yake ya Garmin ilionyesha kumi na dakika hamsini na moja.

Joan, mhudumu mwenye mvi anayekaribia miaka sabini, alifika mezani kwa vijana na sinia la vikombe vidogo vya kuonjea. Wa kwanza alichukua chake bila kuinua macho kwenye simu. Wa pili akanyakua viwili. Wa tatu aliinuka kidogo, akapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umekishika kiwiko cha kulia, na kichwa akakiinamisha.

Eliakunda akamkazia macho.

Chicago hawapokei hivyo. Hivyo hupokea mtu aliyewahi kupigwa kofi na mama yake kwa kupokea cha mkubwa kwa mkono mmoja. Walimbadilishia jina, pasipoti na lafudhi, lakini mkono wa kushoto haukuambiwa.

Kijana huyo wa tatu aliinuka kuelekea ujia wa vyoo, pembeni ya matangi. Eliakunda akamkata njia.

"Kaka, mama yako alikulea vizuri."

Alikuwa amesema kwa Kiswahili. Kijana akapauka.

"Lete kadi."

Chicago yote ikamtoka. "Dada, balimukamata bibi yangu kule Bukavu. Nikikatala, banamuua leo." Bibi, kwao, ni mke.

"Na huyu mama wa Burnsville? Unamjua hata sura?"

"Namujua." Machozi yakamshuka. "Ni yaya yangu. Ni yeye alinilea. Nilifika kwake mwezi uliopita, akanifungulia mlango akalia."

Yaya. Dada mkubwa. Basi huyu ndiye Pacifique, mdogo wake Bernardine, aliyetajwa kwenye faili kwa mstari mmoja. Tangu asubuhi Eliakunda alikuwa amejiandaa kumchukia muuzaji, na ilimuuma kwamba sasa hawezi.

Pacifique akatoa kadi. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha.

Buti zikalia nyuma yao.

"Hiyo ni yangu," alisema mwenye koti la kijivu. Glock ilikuwa nje.

"Chukua," Eliakunda akasema, akanyoosha kadi.

Mzungu akaitazama kadi.

Kosa.

Mkono wa pili wa Eliakunda ulishika rangi ya mdomo, na rangi ile ilikuwa na shoti ya umeme ya kumlaza fahali. Ikamgusa shingoni. Akaanguka kama gunia la mahindi, bastola ikateleza chini ya tangi.

Eliakunda akaivunja kadi kwa meno. Kisha akakishika kidole cha mzungu, akafungua nacho simu yake na kuitafuta namba ya Bukavu. Akaandika: "Mzigo nimepata. Mwachieni mwanamke."

Wakangoja. Dakika tano. Nane. Pacifique alikuwa ameikodolea macho simu yake, naye Eliakunda aliogopa kumtazama, kwa maana kama jibu lisingekuja asingekuwa na la kumwambia.

Simu ya Pacifique ikaita. Sauti ya mwanamke anayehema: "Balinishusha mu gari. Niko kwa pasta, ku kanisa."

"Asubuhi mkewe tunamvusha ziwa," Isack akasema sikioni. "Watu wa usalama wa hapa wanaingia kumchukua wa kijivu na kijana. Toka."

Lakini simu ya Eliakunda nayo ikatetemeka. Bernardine.

"Dada Eli, ulimupata?"

"Nimempata. Uko salama. Watoto pia."

"Mungu asifiwe." Akashusha sauti. "Ni nani alitaka kuniuzisha? Niambie. Namujua?"

Pacifique alikuwa akitikisa kichwa, viganja vimeunganishwa. Tafadhali.

Eliakunda alikuwa amewahi kudanganya mawaziri. Huyu hakuweza.

Akamkandamizia Pacifique simu kifuani, akafunga zipu ya koti, akapishana mlangoni na watu watatu wa usalama bila kugeuza shingo. Nyuma yake akasikia sauti ya mtu mzima iliyogeuka ya mtoto.

"Yaya... ni mimi."