Vitambaa vya Mzee Fortin

Maëlle hakuwa na baiskeli, hakuwa na dada, hakuwa na sauti ya kuimbia kanisani, na zaidi ya yote hakuwa na subira. Alikuwa na likizo ndefu ya Agosti, na bibi yake Rolande, aliyefua vitambaa vya meza vya hoteli ya Bi Thibeault, kando ya Ziwa Saint-Jean.

Palipokuwa na doa la matunda ya buluu, Bibi alitandaza kitambaa juu ya bakuli, akamimina maji ya moto kutoka juu. Doa lilififia taratibu, kama ndoto mtu anapoamka. Kitambaa kikishafuliwa, kililazwa rafuni wiki nzima.

"Nguo nayo huchoka," alisema. "Ipumzishe, itadumu hadi ikuzike."

Siku moja Bibi alikwenda kwa daktari. Maëlle alivitazama vitambaa kumi na viwili vyenye madoa, akamimina dawa ya kung'arisha moja kwa moja juu ya madoa, bila maji. Kisha akajilaza nyasini. Mashuka kambani yalipumua kwa upepo, naye akaelea juu ya ziwa, hana uzito, hana kazi. Alipozinduka, jua lilikuwa limeshuka.

Vitambaa vilikuwa vyeupe pe. Alivisuuza, akavianika, asimwambie Bibi.

Juma lililofuata Bi Thibeault alikuja na kitambaa kimoja, kidole kimepenya katikati. Mkono wa pili ulishika barua.

"Rolande, yule Fortin wa Roberval ametufumia utando wa buibui. Nimemwandikia, sinunui kwake tena."

"Fortin? Yule huhesabu nyuzi hata usingizini."

Maëlle alijua kwamba Mzee Fortin, fundi aliyevifuma, hakuwa na mteja mwingine mkubwa.

"Si yeye, Bi Thibeault. Ni mimi. Niliviacha kwenye dawa nikasinzia."

"Kumbe," alisema Bibi, "ulilala wewe, vikachoka vitambaa."

Bi Thibeault aliichana barua yake. Jioni hiyo walikata pembe zilizokuwa nzima, Maëlle akazipinda na kuzishona ziwe vitambaa vya kufutia mikono.

"Kitambaa kikitunzwa hudumu miaka ishirini," Bibi alimwambia. "Jina zuri la fundi huchukua miaka mingi zaidi kufumwa, nawe ulikuwa unalichana kwa kunyamaza tu. Sasa mwandikie."

Maëlle aliandika kurasa mbili, akaomba radhi, akaagiza vitambaa kumi na viwili vipya. Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akatembea hadi posta, akaitumbukiza.